Uso Uliokwenda Upande na Neno "Urembo"

Daktari alimpa mpwa wangu kijiti cha mbao, kile kinachotumika kukandamizia ulimi mgonjwa anapoambiwa aseme "aaa", akamwagiza akiume kwa magego ya pande zote mbili hadi ncha zake zichomoze kulia na kushoto, kisha atazame mbele bila kuinamisha kichwa. Hakueleza kitu. Alinivuta tu mkono nisimame aliposimama yeye. Kijiti kilichopaswa kulala sambamba na mstari wa macho kilikuwa kimeinama upande wa kulia, kama kibao cha duka kilichong'oka msumari mmoja. Baadaye aliomba picha za zamani, na dada yangu akafungua simu yake: picha ya kidato cha pili, picha ya siku ya kuchukua kitambulisho, na picha ya Krismasi iliyopita. Katika ya kwanza kidevu kilikuwa katikati, katika ya pili kimeanza safari, na katika ya tatu kilikuwa kimefika chini ya pembe ya kushoto ya mdomo. Sisi tuliomwona kila siku hatukuwa tumeona lolote.

Juma hilohilo ofisi mbili za Nairobi zilikuwa zimeuita uso wake kwa jina moja. Ya kwanza ilikuwa kliniki ambayo sitaitaja, iliyomwambia kuwa hilo ni jambo dogo la urembo: sindano mbili tatu za kujaza upande unaoonekana mwembamba, nusu saa kitini, kisha arudi nyumbani kwa matatu kama mtu aliyekwenda kunyolewa. Ya pili ilikuwa kampuni ya bima inayowahudumia wafanyakazi wa mahali anapofanya kazi baba yake, iliyoandika barua ya mistari minne kueleza kwamba upasuaji wa kunyoosha uso ni wa urembo na kwa hivyo haumo katika mkataba. Mmoja alilitumia neno hilo kuuza, mwingine akalitumia kukataa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini taya la kijana wa miaka 20 linahama. Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya mjadala wetu wote kuhusu upasuaji wa uso nchini. Tunabishana kama ni halali au ni anasa, kabla hatujauliza uso umepindwa na nini.

Tuanze na jambo ambalo kila mpasuaji hulisema mapema ili apunguze msongamano mlangoni: hakuna uso unaolingana pande zote. Jicho moja huwa juu kidogo, tundu moja la pua huwa pana kuliko jingine, na tabasamu la watu wengi huanzia upande mmoja kabla ya kusambaa. Kioo hutuficha hilo kwa sababu hutuonyesha uso uliogeuzwa, nasi tumeuzoea hivyo tangu utotoni. Ndiyo maana mtu akijiona katika picha iliyopigwa na mwingine huhisi kwamba uso umekwenda kombo, ilhali kilichogeuka ni upande tu. Simu nayo imeongeza chumvi. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba picha inayopigwa umbali wa sentimita 30 hivi, yaani urefu wa mkono uliokunjwa, huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 zaidi ya ile inayopigwa umbali wa mita moja na nusu. Anayeingia kliniki akiwa na selfi kama ushahidi huenda analalamikia lenzi, wala si pua. Mtu wa namna hiyo hahitaji kisu, na daktari mwenye kujiheshimu humwambia hivyo na kupoteza malipo.

Lakini uso unaobadilika ni habari nyingine. Taya la chini linaning'inia kwa bawaba mbili, moja mbele ya kila sikio, na katika kila bawaba pana kichwa cha mfupa ambacho katika utoto ni moja ya sehemu zinazolikuza taya. Bawaba moja ikiendelea kukua baada ya mwenzake kutulia, kama ilivyomtokea mpwa wangu, taya husukumwa kwenda upande wa pili na kidevu hufuata. Ikitokea kinyume, yaani bawaba moja ikafa ganzi ya ukuaji mtoto akiwa bado mdogo, kidevu huvutwa kuelekea upande ulioumia. Sababu ya mkasa huu wa pili mara nyingi ni ya kawaida kabisa: mtoto ameanguka akajigonga kidevu, au ameugua sikio likatoa usaha kwa muda mrefu bila tiba, na kiungo kikajishikiza mfupa kwa mfupa. Hakuna aliyeona mvunjiko, kwa maana kidonda kilikuwa kidevuni na mfupa ulivunjika karibu na sikio. Miaka minne au mitano baadaye mtoto hawezi kuingiza kijiko mdomoni, meno yameoza kwa sababu mswaki haupiti, usiku anakoroma kama mzee, na majirani wanasema uso wake "umejaa upande mmoja".

Katika mtoto huyo, shavu linaloonekana limenona ndilo la upande wenye ugonjwa, kwa kuwa nyama yote imejikusanya juu ya mfupa mfupi. Shavu lililo bapa ndilo zima, limenyooka kwa sababu taya la upande huo limekua likalazimika kuvuka kwenda ng'ambo. Mtu asiyejua atatia sindano ya kujaza katika shavu bapa, yaani atatibu upande ambao haukuwa na kosa. Mfano huu peke yake unanitosha kuliogopa neno urembo linapotangulia uchunguzi. Matibabu ya kweli ni kuukata mfupa ulioshikana na kuacha nafasi, halafu mtoto afanye mazoezi ya kufungua mdomo kila siku kwa miezi mingi. Mazoezi yenyewe ni ya kupachika vijiti bapa kati ya meno, kimoja juu ya kingine, leo kumi, kesho kumi na kimoja, huku mtoto akilia na mama akijikaza asimwonee huruma, maana huruma ya juma moja inaweza kuurudisha mfupa ulivyokuwa. Hata kumlaza mtoto huyo kwa nusukaputi ni kazi ya ustadi, kwa kuwa mdomo haufunguki na mara nyingi mrija wa pumzi hupitishwa puani.

Vipo vyanzo vingine ambavyo kuvichelewesha ni hatari zaidi ya kupinda. Uvimbe unaoitwa ameloblastoma huota kutokana na chembe zinazotengeneza meno, mara nyingi katika taya la chini, nao hauumi, hauna haraka, na kwenye picha ya eksirei huonekana kama mapovu ya sabuni. Kwa sababu hauumi, wenyewe huishi nao mpaka shavu linapojitangaza. Si saratani, lakini ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Huhitaji kuondolewa pamoja na ukingo wa mfupa mzima, na pengo hilo hujengwa kwa bamba la titani au kwa mfupa mwembamba wa mguuni unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. Saratani ya Burkitt nayo ni kinyume chake kwa mwendo. Mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, na taya la mtoto mwenye maradhi hayo huvimba kwa siku, wala si kwa miaka. Hapo kisu si tiba, dawa ndizo tiba, na kila juma linalopotea katika mjadala wa sura linahesabika. Uso uliolegea ghafla upande mmoja nao, ambao kwetu wengine husema umepitiwa na upepo mbaya, mara nyingi ni neva iliyovimba, na vidonge vya prednisoloni vikianza ndani ya saa 72 huongeza sana uwezekano wa kupona kabisa. Ila paji la uso likikunjika vizuri pande zote huku mdomo umelegea upande mmoja, hofia kiharusi na ukimbilie hospitali.

Nairobi ina mtambo wake wa kuzalisha nyuso zisizolingana, nao ni barabara. Abiria wa bodaboda anayeanguka kwa shavu huvimba kiasi kwamba pande zote mbili zinaonekana za kutisha, akashonwa, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa uvimbe utashuka. Uvimbe hushuka kweli. Kinachobaki ni mfupa wa shavu uliobonyea na jicho lililozama kidogo, na kufikia hapo majuma mawili au zaidi yamepita na mfupa umeanza kuunga mahali pasipo pake. Kuurudisha mapema ni kazi ya muda mfupi, lakini kuurudisha baada ya miezi sita ni kuuvunja upya. Katikati ya majuma hayo mawili ndipo familia huwa inafungua kundi la WhatsApp la mchango, inateua mweka hazina na kuwasumbua jamaa walio ng'ambo, na baadaye, mgonjwa anaporudi na shavu lake bapa, husikia kwamba sasa anataka urembo.

Inashangaza kwamba mji huu, kati ya miji yote, ndio unaolichanganya jambo hili. Shirika la Amref, lenye makao yake makuu Lang'ata karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, lilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa plastiki, yaani wa kurekebisha na kujenga upya maumbile. Michael Wood alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Kenya. Archibald McIndoe, wa New Zealand, alikuwa amejenga upya nyuso za marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili pale East Grinstead, baada ya kujifunza kazi kwa binamu yake Harold Gillies, aliyeanza na askari wa vita vya kwanza. Tom Rees, Mmarekani, baadaye alivuma New York kwa kuwanyoosha ngozi matajiri. Mikono ileile iliyowarekebisha walioshambuliwa na fisi huku kwetu ndiyo iliyowapunguzia makunyanzi wake wa mabwanyenye huko kwao, na wenyewe hawakuona kwamba ni fani mbili. Fani ni moja. Kinachotofautiana ni hali ya anayelala mezani, na hiyo haisomeki katika jina la upasuaji.

Najua jibu la watu wa bima, na si jibu la kijinga. Watasema kwamba tukikubali kila uso uliopinda ugharamiwe, kila mwenye pua asiyoipenda atajitafutia ugonjwa, na mfuko wa wengi utaliwa na wachache. Hofu hiyo ina msingi, hasa wakati huu ambapo mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya bima mpya ya afya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi Oktoba mwaka 2024, na ana haki ya kuuliza zinakwenda wapi. Hata hivyo hofu hiyo inasahau kwamba kupinda kwa ugonjwa hupimika. Mtu mzima mwenye taya zima huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimepangwa wima, kati ya meno ya mbele. Anayeingiza kimoja hana haja ya kubishana na karani. Meno yanayokutana upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili huonekana kwenye nta aliyoiuma mgonjwa. Jicho lisilofumba usiku hupata vidonda. Picha tatu za miaka mitatu zinaonyesha kama mfupa unatembea, na kipimo cha mifupa kwa dawa yenye mnururisho kidogo kinaonyesha bawaba ipi bado inakua. Hakuna aliyejitafutia vitu hivyo.

Tena tumekwisha kukubali kanuni hii mahali pengine bila kelele. Mtoto anayezaliwa na mdomo sungura hushonwa bila malipo katika hospitali kadhaa nchini kwa msaada wa mashirika kama Smile Train, na sijawahi kumsikia mtu akiuita upasuaji huo urembo, ingawa mshono wa mdomo wa juu, kwa kweli, hutazamwa kwanza na macho. Mtoto aliyezaliwa na nusu ya taya ndogo na sikio lisilokamilika, hali ambayo baada ya midomo na makaakaa yaliyopasuka ndiyo kasoro ya uso inayotokea zaidi kwa wanaozaliwa, hana shirika wala jina linalojulikana mtaani. Tofauti kati ya watoto hao wawili ni matangazo.

Sehemu ngumu ya hoja hii, na sitaikwepa, ni uso ambao umepinda lakini unatafuna vizuri, unafumba jicho na hauongezeki. Kovu la moto lililovuta pembe ya mdomo ni mfano, au ugonjwa wa Parry na Romberg unaokausha nyama ya nusu ya uso kisha ukaacha. Hapo vipimo vyangu havisaidii sana. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na msemo huo tunautumia kumnyamazisha anayecheka, lakini aghalabu tunautumia pia kumnyamazisha anayelia, eti avumilie. Mimi naona uso una kazi yake zaidi ya kula na kuona. Ndio unaotanguliza salamu, ndio unaoketi mbele ya jopo la usaili wa kazi, na ndio mtoto anausoma kabla hajajua kusoma. Uso unaomfanya dereva wa matatu amwambie abiria akae nyuma haufanyi kazi yake, hata kama meno yanakutana. Katiba yetu, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na sioni mahali ilipoandika kwamba afya inaishia kwenye koromeo.

Hayo yakishasemwa, mtu mzima mwenye uso wa kawaida anayetaka kidevu chake kisogezwe milimita mbili kwa fedha zake simlaumu. Ninachomtakia ni kwamba aambiwe ukweli. Ngozi yetu nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu ya keloidi, na kovu la namna hiyo kwenye taya hupindisha uso kuliko ulivyokuwa. Sindano ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu karibu na pua au kati ya nyusi inaweza kuua ngozi, na katika visa vichache imepofusha, hivyo anayeidunga lazima awe na dawa ya kuiyeyusha mkononi, wala si kwa jirani. Mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya mwanamke kufariki kufuatia upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini hapa Nairobi, baraza linalowasimamia madaktari, KMPDC, lilikifunga kituo alikohudumiwa. Orodha ya waliosajiliwa na baraza hilo iko wazi mtandaoni, na kuitafuta huchukua muda mfupi kuliko kutazama video moja ya kabla na baada.

Nirudi kwa mpwa wangu, kwa kuwa upasuaji wenyewe haufanani na nusu saa aliyoahidiwa. Kipimo kilionyesha bawaba ya kulia bado inakua, na kwa hivyo kwanza alikatwa milimita chache za kichwa cha mfupa ili ukuaji ukome. Kisha akavaa vyuma vya meno kwa miezi 14, na katika miezi hiyo meno yalizidi kuonekana mabaya, kwa maana yalikuwa yakipangwa kwa ajili ya taya ambalo bado halijafika mahali pake. Hatimaye mataya yote mawili yalikatwa siku moja. La juu lilifuata mstari ambao Mfaransa René Le Fort aliueleza mwaka 1901 baada ya kuzipiga maiti usoni na kuchunguza mifupa inapasukia wapi, mstari uleule ambao mabawa ya magari yanauchora kwenye nyuso za waendesha pikipiki wetu. La chini lilipasuliwa kwa urefu, kama mtu anayetenganisha mbao mbili zilizogundishwa, kwa njia aliyoitunga Hugo Obwegeser katika miaka ya 1950, ili vipande viteleze vikikaa upya bila kupoteza mgusano. Vyote vikafungwa kwa vibamba vya titani kutoka ndani ya mdomo, bila kovu nje. Kwa majuma sita alikunywa uji wa wimbi na supu iliyosagwa, akapungua kilo, akatuandikia ujumbe kwenye simu akiwa chumba kimoja na sisi.

Na bima? Daktari aliandika barua ya pili. Hakutaja uso, wala sura, wala ulinganifu. Alitaja ukuaji usiokoma wa bawaba ya taya la kulia, mteremko wa meno kwa milimita, magego yasiyokutana sawasawa, na matokeo ya kipimo cha mifupa. Waliokataa walikubali kulipia hospitali na mpasuaji, ingawa vyuma vya meno walivikataa hadi mwisho na baba yake akavilipa kwa mkopo wa chama cha akiba. Upasuaji ulikuwa uleule. Niliposema kwamba tumeshinda, dada yangu aliniuliza ni wangapi wana daktari mwenye muda wa kuandika barua mbili.

Neva inayopita ndani ya taya la chini ilivutwa, jambo ambalo alionywa mapema, na upande wa kushoto wa mdomo wake wa chini bado una ganzi. Akinywa chai huifuta midomo kwa kiganja hata kama haijalowa. Mwezi uliopita aliumishwa tena kijiti. Kiliinama kidogo sana, daktari akatabasamu akasema kwamba hata chake yeye kimeinama hivyo, na mpwa wangu akamwomba akiume naye waone.